Mwezi wa Sitini

Masika ya 2016 yalitukuta na boriti tatu mbovu. Nyumba yetu ya Kiponda ina ghorofa tatu, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama jirani zake zote, na juu ya dari lake la kale liliwekwa paa la mabati ambalo nalo lilikuwa limeshatoboka. Maji yakapita, yakatuama juu ya dari, yakaingia kwenye vichwa vya boriti pale zinapozama ukutani. Shangazi ndiye aliyekuwa akilala chumba kile. Alihamishia kitanda chake ukumbini, akatandika mkeka wake wa chuo palepale, na watoto wanaokuja kusoma Kurani kwake kila jioni wakaendelea na masomo yao pembeni ya beseni la matone.

Asiyewahi kutengeneza nyumba ya Mji Mkongwe hudhani boriti tatu ni kazi ya wiki moja. Boriti huwezi kuitoa bila kushusha kifusi cha mawe na chokaa kilicho juu yake. Ukishusha kifusi unakuta ukuta umekunywa maji. Ukiupaka saruji unauua, maana saruji huziba, unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe huliwa taratibu mpaka siku linapobomoka. Kwa hiyo ni chokaa, na chokaa inataka kulowekwa na kungojewa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, inataka uombe kibali kabla fundi hajapandisha ngazi, na inataka vifaa vya asili. Naiunga mkono kwa moyo wote. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na bila masharti hayo leo tungekuwa na zege tupu kutoka Malindi mpaka Vuga. Lakini gharama ya kuutunza urithi wa dunia inaangukia mfuko wa wenye nyumba, na fundi alipomaliza kuhesabu, pamoja na vyumba vinne vya wageni ambavyo Ami alitaka vijengwe ghorofa ya juu ili nyumba ijilipe yenyewe, jumla ilikuwa shilingi milioni sitini.

Nyumba ni ya mirathi. Wenyewe ni Ami, Shangazi na sisi watoto wa marehemu baba. Ami ndiye mdogo wa ndugu watatu, lakini ndiye mwanamume aliyebaki, na ndiye aliyekuwa na ajira serikalini. Akaenda kwenye taasisi moja ya fedha hapa mjini. Akarudi na bahasha ya kaki na uso uliokunjuka.

"Laki nane na arubaini kwa mwezi," alituambia baada ya Isha. "Miaka mitano, basi."

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Mdogo wangu, hii si riba?"

"Riba ipo, Dada. Lakini nyumba itatuangukia."

Walitazamana muda. Kisha Shangazi akaomba kalamu, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu kama atiavyo siku zote. Kaka yangu alikuwa ameshatia yake kwa niaba yetu.

Ami hakudanganywa neno hata moja, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Afisa wa mikopo alimwekea njia mbili mezani. Ya kwanza: milioni sitini kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zilipwe zote ndani ya miaka mitano. Rejesho lake lilikuwa kiasi cha shilingi 1,427,400 kila mwezi, na mshahara wa Ami haukufika huko. Ya pili ilikuwa na riba ileile na miaka mitano ileile, lakini rejesho lilikokotolewa kana kwamba deni litalipwa kwa miaka kumi na mitano. Kwa hesabu hiyo rejesho lilishuka mpaka shilingi 839,753. Mwisho wa mwaka wa tano, chochote kilichosalia kingelipwa kwa mkupuo mmoja. Afisa alimuuliza Ami kama anatarajia fedha yoyote kubwa ndani ya kipindi hicho. Ami akamjibu kwamba atastaafu mwisho wa 2019 na atapokea kiinua mgongo. "Basi hii ndiyo yako, mzee," akaambiwa. Ikaandikwa ukurasa wa nne: kipindi cha ukokotoaji miezi 180, muda wa mkopo miezi 60, salio kulipwa kwa mkupuo siku ya mwisho. Watu wa fedha huiita aina hii malipo ya puto.

Ami alijua kutakuwa na salio. Alichokuwa hajui ni ukubwa wake, na hakuna mtu katika chumba kile aliyeutamka. Kichwani mwake, mtu aliyelipa miaka mitano amelipa sehemu kubwa, na kinachobaki ni mkia.

Nimefundisha hesabu miaka mingi na hesabu hii naiona inavyowapotosha watu wenye akili timamu, kwa hiyo nitaipitia polepole. Riba ya asilimia 15 kwa mwaka ni asilimia 1.25 kwa mwezi. Milioni sitini zikikaa mwezi mmoja huzaa riba ya shilingi 750,000. Katika rejesho la kwanza la Ami la 839,753, hizo 750,000 zilikwenda kwenye riba kwanza, na kilichobaki, shilingi 89,753, ndicho kilichopunguza deni lenyewe. Mwezi wa pili deni limepungua kidogo, riba inapungua kidogo, na sehemu inayokula deni inaongezeka kidogo. Inaongezeka kwa mwendo wa konokono. Mwezi wa sitini, katika rejesho lilelile, sehemu iliyopunguza deni ilikuwa imefika kama shilingi 187,000 tu. Faida ya kweli ya ratiba ya miaka kumi na mitano iko miaka ya mwishoni, pale riba inapokuwa ndogo na deni linaporomoka. Ami alilipa ile miaka mitano ya mwanzo, iliyo mizito kwa riba, kisha akakatwa kabla ya kuifikia miepesi.

Jumla yake ni hii. Katika miezi sitini Ami alilipa karibu shilingi milioni 50.4. Kati ya hizo, milioni 42.4 zilikuwa riba. Deni lililokuwa milioni 60 lilibaki milioni 52 na elfu hamsini.

Ipo njia ya kulinusa jambo hili papo hapo mezani, na haihitaji ualimu wa hesabu. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi. Laki nane na arubaini mara sitini haifiki hata milioni hamsini na moja, na wewe umechukua sitini. Kabla hujaingiza riba hata senti moja, deni haliwezi kuwa limekwisha. Kipimo hiki hakikamati kila kitu, maana kuna mikopo ambayo jumla hupita ulichochukua na bado salio hubaki, lakini wa Ami ungekamatika kwa kipande cha chaki.

Vyumba vya wageni vilikwisha na vilipendeza. Boriti mpya za mikoko zilitoka bara, kuta zilipakwa chokaa, madaka yalirudishwa kama yalivyokuwa enzi za babu. Vyumba ni vyembamba, kama vyote vya mji huu, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, na boriti hazizidi sana mita tatu. Wageni wa Kitaliano walivipenda hivyohivyo. Msimu wa kiangazi vilijaa, msimu wa masika vikabaki vitupu, na Ami akawa analipa rejesho bila kukosa hata mwezi mmoja. Shangazi alirudi chumbani kwake. Kwa miaka mitatu na nusu mtu angetuona ni nyumba iliyofanikiwa, na katika mambo mengi tulikuwa hivyo.

Ami alistaafu mwisho wa 2019 kama ilivyopangwa. Kiinua mgongo kikaja. Sehemu ikaenda kwenye harusi ya binti yake mkubwa, na sitamlaumu, kwa sababu binti huyo alikuwa amengoja muda mrefu baba yake amalize nyumba. Iliyobaki aliiweka kando kwa ajili ya ule mkia. Kisha ikaja korona. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zilikatazwa, na ingawa ziliruhusiwa tena mwezi uliofuata, watalii walioanza kurejea walishukia fukwe za Nungwi na Paje, hawakuja kulala Kiponda. Vyumba vinne havikuingiza kitu, mshahara haukuwepo tena, na rejesho lilidaiwa palepale. Ami akalitoa kwenye kiinua mgongo, mwezi baada ya mwezi. Fedha iliyowekwa kulimaliza deni ikatumika kuilisha riba yake. Ilikuwa chokaa mpya juu ya boriti iliyooza, na hatukuiona kwa sababu stakabadhi zilikuja kila mwezi zikisema *imelipwa*.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, upande wa jumba la kale la Beit al Ajaib ulianguka, jumba likiwa katikati ya matengenezo. Sultani Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na vumbi lake siku ile tulilipangusa kwenye roho zetu. Watu wawili walifariki. Mji mzima ulianza kutazama kuta zake kwa jicho jingine.

Januari barua ikafika. Ilikuwa na adabu zote. Ilimkumbusha Ami kwamba muda wa mkopo unakwisha Aprili, na kwamba salio la shilingi 52,050,000 na ushei litatakiwa kwa mkupuo.

Ami aliisoma akiwa amekaa barazani. Hakuingia ndani mpaka Magharibi. Mkewe alidhani anaumwa. Usiku akanipigia simu na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mwanangu, hawa wamekosea. Nimelipa hamsini. Nilichukua sitini. Wanadai hamsini na mbili."

Hawakuwa wamekosea. Nilikaa naye kesho yake tukapita mstari baada ya mstari, na kila mstari ulikuwa sahihi.

Alikwenda kuomba waongeze muda. Wakamtuma mthamini. Yule mthamini alizunguka nyumba kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa 2016, akagonga kuta, akapiga picha nyufa, na thamani aliyoandika ikawa ndogo. Nyumba za kale zilikuwa zimeingiwa na hofu baada ya Beit al Ajaib, na hofu ina bei yake. Hapa ndipo mkopo wa namna hii unapokuwa na hatari ambayo haimo ndani ya hesabu: unamlazimu mtu kutafuta fedha nyingi, au mkopeshaji mpya, katika tarehe aliyoichagua miaka mitano nyuma, bila kujua dunia itakuwaje siku hiyo.

Wamarekani waliwahi kuumizwa hivi taifa zima. Kabla ya miaka ya 1930, mikopo mingi ya nyumba kwao ilikuwa ya miaka michache yenye salio kubwa mwishoni, na watu walizoea kuiandika upya kila ilipoiva. Mdodoro mkuu ulipoingia hakukuwa na wa kuiandika upya, na nyumba zikauzwa kwa mnada kwa maelfu. Serikali yao ikaunda shirika la kununua mikopo hiyo mwaka 1933, na mwaka 1934 ikaanzisha bima ya mikopo ya muda mrefu inayolipwa mpaka kuisha kwa marejesho sawasawa. Mkopo wa nyumba ambao leo watu wanaudhani ni wa asili ulizaliwa kwenye maafa yale.

Mwaka huohuo wa 1934, hapa Unguja, serikali ya himaya ya Kiingereza ilipitisha amri za kuzuia mashamba ya karafuu yasiendelee kuhama mikononi mwa wadaiwa, na kuwabana wakopeshaji. Wafanyabiashara wa Kihindi walizipinga, kukawa na mgomo wa karafuu, na suluhu haikupatikana mpaka 1938. Nyuma ya amri zile kulikuwa na karibu karne nzima ya deni. Karafuu ni zao la mkupuo. Mti hubeba sana mwaka mmoja, kisha hubeba kidogo, na mwenye shamba huishi kwa mkopo akingojea mwaka mwema. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulivaa vazi la mauzo. Ulimwuzia tajiri shamba au nyumba yako kwa fedha uliyoihitaji, kwa khiyari ya kuirudisha ukimlipa fedha ileile ifikapo tarehe fulani. Katikati hapo uliendelea kukaa, ukimlipa kodi. Kodi ilikuwa ndogo, inabebeka. Haikupunguza deni hata chembe. Tarehe ikipita bila fedha kamili, mali ilikuwa yake. Hati za bei ya khiyari ziko mpaka leo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na ukizisoma unaona majina ya koo ambazo hazina tena kipande cha ardhi.

Shangazi hakuhitaji kwenda Kilimani. Shamba la babu yake la Dole lilikwenda kwa njia hiyo, akalisikia likisimuliwa tangu utoto wake. Kwenye kikao cha ukoo, mwezi wa Februari, alimsikiliza Ami mpaka mwisho, akasema, "Hii ni khiyari. Umetuletea khiyari nyumbani." Halafu akalia, na Ami akalia, na sisi wengine tukatazama chini.

Sitaki mtu aelewe kwamba aina hii ya mkopo ni uovu kila mahali. Mwenye shamba aliyekwisha kupanga kuuza kiwanja, mfanyabiashara mwenye malipo yaliyothibitishwa, huyo rejesho dogo linamfaa na salio la mwisho halimtishi. Kinachonitia uchungu ni ukimya. Mkopeshaji alikuwa na jedwali lote kwenye kompyuta yake. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba siku ya mwisho itadai milioni 52. Sheria ingemlazimisha kufanya jambo moja tu, kwamba mkopaji aiandike tarakimu ile kwa mkono wake mwenyewe juu ya sahihi yake, nyumba nyingi zingesalimika. Ami angeiweka kalamu chini.

Lililotuokoa lilikuwa la vipande vipande. Kaka yangu alimpata mfanyabiashara wa vitambaa aliyetaka chumba cha chini kinachotazama njia, akatoa kilemba na kodi ya miaka mitatu kwa mkupuo. Binti yule aliyeolewa alileta sehemu ya dhahabu yake bila kuombwa, na Ami alikataa mara mbili kabla hajapokea. Jamaa wa Dar es Salaam wakachanga. Tukafika milioni thelathini. Zilipungua ishirini na mbili.

Hizo zilitoka Muscat, kwa mtoto wa mjomba ambaye mama yake alizaliwa katika nyumba hii. Alikubali kuzitoa karadha, bila riba, zilipwe kwa miaka minne. Ami alitaka kumshukuru kwenye simu na yaishe. Shangazi akamzuia. Alitukumbusha aya ya deni katika Surat al-Baqara, ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, na ambayo huwafundisha watoto wake mkekani. Aya hiyo inaamrisha deni liandikwe, muda wake utajwe, pawepo na mashahidi. Na inataka anayetamka maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa.

"Mwaka ule," alimwambia Ami, "walisema wao na wewe ukatia sahihi. Leo utasema wewe."

Tukakaa ukumbini, mimi nikiwa na daftari, majirani wawili wakiwa mashahidi, simu ikiwa juu ya meza na kijana wa Muscat akisikiliza. Ami akaanza kutamka. Kwamba anadaiwa shilingi milioni ishirini na mbili. Kwamba atalipa laki nne na sitini elfu kila mwezi. Kwamba mwisho wa mwaka wa kwanza atakuwa anadaiwa milioni kumi na sita, laki nne na thamanini elfu.

"Endelea," Shangazi akasema.

Mwisho wa mwaka wa pili, milioni kumi, laki tisa na sitini elfu. Mwisho wa mwaka wa tatu, milioni tano, laki nne na arubaini elfu. Na mwezi wa mwisho, wa arubaini na nane, malipo yatakuwa madogo kuliko yote, laki tatu na thamanini elfu, na baada ya hapo hadaiwi. Kijana wa Muscat akaomba arudie ya mwaka wa pili, mtandao ulikuwa umekatika. Ami akarudia, safari hii bila kutazama daftari langu.